Dirisha la Mjomba

Mjomba wangu amekwisha kufa. Mungu amsamehe, mimi bado. Watu wakinisikia nasema hivyo hukunja uso, eti bibi mzima na mvi zake anamnunia maiti. Namnunia, ndiyo. Waje wao wakae gizani masika yote na kiangazi chake, halafu mtu awatobolee ukuta juu ya kichwa kwa ajili ya mnunuzi wa nyumba, ndipo tuzungumze.

Hayo yalinipata hapahapa Morogoro, wakati wa Mjerumani, garimoshi lilipokuwa limefika karibuni na mji mzima umepata wazimu. Kabla ya reli, nyumba ilikuwa nyumba tu: mtu anajenga, anakaa, anakufa humo. Reli ilipofika, nyumba ikawa bidhaa. Wagiriki wanataka pa kulala, Wahindi wanataka maduka, watu wa pwani wanataka maghala ya chumvi na nguo, na kila mwenye kibanda karibu na stesheni akaanza kutembea kifua mbele kama jumbe. Nyumba yetu ilikuwa upande huo. Marehemu baba alimjengea mama kwa miti ya mlimani na udongo wa mtoni, vyumba viwili na ukumbi katikati, jiko uani. Lakini kiwanja kilikuwa cha ukoo, na kwetu sisi Waluguru ukoo ni wa mama, na mwenye sauti katika ukoo ni kaka yake mama. Mjomba ndiye aliyetakiwa kutulinda. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyetafuta wanunuzi.

Na mimi wakati ule nilikuwa mwali. Siku hizi msichana akivunja ungo anapewa maneno mawili matatu na kitambaa, kesho yuko sokoni. Sisi tuliwekwa ndani. Niliwekwa chumba cha ndani kisicho na tundu hata la panya, nimefunikwa kaniki, jua lisinione na mwanamume yeyote asinione, hata mjomba. Nilisuka ukili wa mikeka kwa kupapasa. Kungwi wangu, bibi mmoja mkali ambaye hata askari wa boma walimpisha njia, alikuja kunifunda. Na siku ya kumaliza ningebebwa mabegani, nitoke kwa mlango wa mama yangu, ngoma inalia, vigelegele, mji mzima ujue kwamba yule sasa ni mwanamke. Hiyo ndiyo siku niliyoishi kwa ajili yake mle gizani. Na masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema: mwali hatoki nje ya nyumba kabla ya siku yake, na mwali haonwi. Akionwa na mwanamume, hachezwi ngoma yake tena. Basi, imekwisha hiyo.

Siku mjomba alipoleta habari yake nilisikia yote, maana mlango wangu ulikuwa wa makuti na masikio yalikuwa ndiyo macho yangu.

"Dada, nimepata watu wa kuja kuitazama nyumba," akasema.

"Kaka, mle ndani mna mwali," mama akajibu.

"Si mtamwondoa?"

"Mwali haondolewi."

"Basi mtamficha."

Jamani! Kama vile mimi ni chungu kilichopasuka! Mama akamuuliza sisi tutakwenda wapi. Akasema atatujengea kibanda mlimani, hewa nzuri, mboga tele. Yeye mwenyewe hewa hiyo nzuri ilikuwa imemshinda. Alitaka duka, alitaka koti juu ya kanzu, alitaka kukaa kwenye kiti watu wamwamkie.

Akaanza kututengeneza. Alikuwa ameona Mhindi mmoja akiuza nyumba yake, ndani nyeupe pe, haina hata ufagio, na mnunuzi amekubali papo hapo. Kwa hiyo na sisi tukaletewa gunia la chokaa lililoshuka na garimoshi kutoka pwani. Mama akaambiwa asugue masizi yote kwenye boriti. Akaambiwa asiribe sakafu upya. Kinu kikapelekwa kwa jirani, vyungu kwa jirani, kuku kwa jirani, hata kitanda alichofia baba kikatolewa kwa sababu mjomba alisema kina sura ya umaskini. Alikuwa akisimama ukumbini mikono kiunoni na kusema, "Mnunuzi hataki kuona kwamba pana watu."

"Sasa nyumba isiyo na watu ni nini, kaka? Zizi?" mama akamuuliza.

Akamwambia mama hajui dunia inavyokwenda.

Kikaja chumba changu. Mwanamume haruhusiwi kuingia, na mama alikuwa hoi kwa ukumbi na kile chumba kingine. Nikapewa kibuyu cha chokaa na kitita cha nyuzi za mgomba, nipake mwenyewe. Nilipaka gizani. Hebu fikirini mtu anapaka ukuta mweupe asiouona, chokaa inamwingia kwenye kucha inamchoma, inamdondokea machoni, hajui alipopaka wala alipoacha, na anapaka ili nyumba ya mama yake iwapendeze watu watakaoichukua. Nilipaka huku nalia na huku natukana. Kungwi alipokuja jioni akasikia harufu, akaniuliza ni nini. Nikamwambia. Akatoka hadi ukumbini alipokuwa mjomba.

"Wewe mtoto," akamwambia, na mjomba alikuwa na ndevu, "mwali wako unamfanya kibarua wa chokaa? Huna haya?"

Mjomba akacheka tu, akasema bibi, mambo ya zamani hayo.

Wa kwanza kuja alikuwa Mgiriki wa kazi ya reli. Kabla hajafika, mama na kungwi walinipandisha darini, kwenye mahindi. Kungwi aliona haidhuru, maadamu niko ndani ya nyumba na sionekani. Nikalazwa kifudifudi, kaniki gubigubi, nisikohoe. Vumbi la mahindi, wacha! Nilibana pua kwa vidole, nikauma ngumi. Chini yangu viatu vikapita, kwata kwata, kiberiti kikawashwa, kikazimika, kikawashwa tena. Halafu yule Mgiriki akasema kwa Kiswahili chake cha relini, "Chumba hii giza. Giza sana. Kama kaburi." Akaenda zake.

Niliposhushwa nilikuwa nacheka. Nilidhani giza langu limetuokoa.

Kumbe neno lile limemwingia mjomba moyoni. Asubuhi yake mama alikwenda mtoni kuteka maji. Mimi nimekaa kitandani na ukili wangu. Nikasikia pu! Ukuta ukatikisika. Pu! Udongo ukanimwagikia kichwani. Kwanza nilidhani nyumba inaanguka. Kisha nikasikia pumzi ya mtu upande wa pili, nikajua. Anatoboa dirisha. Na kwa kuwa haruhusiwi kuingia chumbani kwangu, hakujua kitanda kimekaa wapi. Alichagua ukuta tu kutoka nje akaanza kuutwanga kwa jembe.

"Mjomba!" nikapiga kelele. "Mimi niko hapa!"

"Nimefumba macho!" akanijibu. "Kaa tu, mwanangu, nimefumba macho!"

Pu! Jembe likatokeza juu ya kichwa changu, chuma chake kinang'aa, na nyuma yake jua. Jua lenyewe, la asubuhi, kwenye uso wangu uliokwisha kulisahau. Niliumia macho kama nimetiwa pilipili. Nikajitupa chini nikajifunika, na yeye huko nje anaendelea kutwanga, anaendelea kunihakikishia kwamba amefumba macho, kama kwamba hilo ndilo tatizo, kama kwamba mtu akikubomolea huku hakutazami basi amekuheshimu! Dirisha lenyewe likatoka kombo, upande mmoja juu upande mmoja chini. Mtu anajenga amefumba macho, unategemea nini.

Alipoondoka nikafunua kaniki kidogo. Ndipo nikauona ule ukuta nilioupaka. Madoa matupu, pengine nimerudia mara nyingi, pengine udongo mtupu, na alama za vidole vyangu kila mahali.

Mama alirudi na mtungi kichwani. Alisimama mlangoni pa chumba akitazama lile tundu, mtungi bado uko kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. Akautua. Akatundika mkeka pale dirishani. Kungwi alipokuja akanikagua uso, akauliza kama kuna mwanamume aliyeniona. Nikasema hapana. Akashusha pumzi, akasema basi bado, siku yako ipo. Nilimshika miguu kwa furaha.

Lakini mjomba akatuma neno: mnunuzi wa pili yu njiani, mfanyabiashara wa pwani, mtu mzito, tayari ameambiwa nyumba ni tupu, hakai mtu. Mkeka utolewe. Mwali apandishwe darini.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanaponiita mjinga. Nikikaa kimya darini, nyumba inauzwa. Ikiuzwa, nahamishwa kabla ya siku yangu, na mlango wa mama wa kutokea haupo tena. Nikionwa, sichezwi. Kwa vyovyote vile ngoma yangu mjomba alikwisha kuila. Kilichobaki cha kuokoa ni nyumba ya mama, na mama alikuwa amekaa ukumbini kwenye sakafu aliyoisiriba mwenyewe, hana hata kigoda, vyote viko kwa majirani.

Kungwi akasema, "Panda."

"Sipandi."

"Unajua unachokipoteza?"

"Najua, bibi. Sipandi ng'o."

Akanitazama sana. Kisha akachukua kigoda chake alichokuja nacho, akatoka akaenda zake bila kuniaga. Mama alilia. Mimi nikautoa ule mkeka kwa mikono yangu, nikakaa katikati ya kitanda, jua limenimulika, nikasubiri. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, si kwa hofu, kwa hasira. Wallahi kwa hasira.

Nikawasikia wanakuja. Mjomba hakumpitisha mlangoni, thubutu! Alitaka kuonyesha dirisha lake kwanza. "Tazama mwenyewe, bwana, mwanga huo! Ingiza kichwa, tazama!" Na yule mzee wa pwani akaingiza kichwa, na kilemba chake, na ndevu zake nyeupe, tukatazamana.

"Astaghfirullah!" Akarudi nyuma kwa nguvu hata kilemba kikabaki kwenye udongo wa dirisha. Nikamsikia anahema. Kisha nikamsikia anasema, tena kwa sauti ya kusikika na majirani, "Umenileta nimchungulie binti wa watu? Mwali wako mwenyewe? Nyumba yenye mwali unaniambia tupu. Kesho utaniuzia msikiti!"

Mjomba akaleta kichwa chake dirishani ili aone ni nini. Safari hii alisahau kufumba. Na mimi sikujifunika. Nilimtazama mpaka yeye ndiye aliyetoa kichwa.

Habari ilifika sokoni kabla ya adhuhuri. Hakuna mtu tena aliyekuja kuitazama nyumba yetu. Nani atake kuonekana anachungulia mwali? Majirani wakarudisha kinu, vyungu, kuku, na kitanda cha baba. Mjomba akahamia Kilosa kwa aibu, akarudi baadaye akiwa mzee na mgonjwa. Nyumba ikabaki ya mama, na baada ya mama, yangu.

Lakini sikuchezwa. Siku wenzangu walipobebwa mabegani, mimi nilitoka kwa mlango ule kwa miguu yangu, nikaenda kuteka maji. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nina wajukuu. Na mpaka leo mwali akitolewa mtaani, wanawake wakiingia ndani kwenye mambo yao, naambiwa kwa adabu kabisa, bibi, wewe tusubiri hapa nje na watoto. Nasubiri. Wale waliomo ndani wengine nimewapokea mimi mwenyewe walipozaliwa.

Mjomba alipokuwa kufani aliniita. Nilikwenda, sikukataa; ni mjomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Alikuwa amelala chali, amefumba macho. Akasema, mwanangu, nisamehe lile la dirisha.

Nikamwambia, "Fumbua macho kwanza, unitazame."

Nilikaa pale mpaka waosha maiti walipokuja kuniondoa. Hakufumbua.