Ng'ambo ya Kijito

Afisa wa kupima watu wasioona alipokuja kwetu Manga, mama alimjibu kila swali kabla sijafungua kinywa. Nilikuwa mtu mzima tayari. Surua ilinipofusha nikiwa mdogo, na tangu hapo sikutoka mlangoni bila mama kunishika kiwiko.

"Anaweza kwenda chooni peke yake?" afisa aliuliza.

"Hapana. Nampeleka mimi."

"Mama, naomba ajibu mwenyewe."

Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, mpole, ila hakulegeza msimamo. Aliniambia nimweleze boma letu lilivyo. Nikamweleza: jiko liko kulia, kunakotoka moshi, zizi la ng'ombe liko nyuma yake, migomba inashuka mpaka kijitoni, barabara iko juu, boda boda zikifika kwenye kona injini hubadilisha sauti. Nilionyesha kila kitu kwa kidole na sikukosea hata kimoja.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa nenda jikoni uniletee kikombe."

Nikasimama, miguu ikakataa. Jiko nililijua lilipo kama ninavyolijua jina langu, lakini sikuwahi kulifikia bila kushikwa. Nilijikokota hadi kwenye tanki la maji, nikalikumbatia, nikabaki hapo.

"Si nilikwambia?" mama alilia. "Ataumia!"

Afisa alinirudisha taratibu kitini. Akaniuliza, kama ningeweza kutembea, ningetaka kwenda wapi kwanza.

Nilimwambia ng'ambo ya kijito, kwa rafiki yangu. Tulikua pamoja kanisani. Alipoolewa boma la ng'ambo, kila Sabato alinisihi nimtembelee, na kila mara mama alisema mteremko una utelezi. Rafiki yangu aliugua tumbo, akafariki mwaka mmoja kabla ya afisa kuja. Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Mama alikwenda. Mimi nilibaki mlangoni nikisikia nyimbo zikivuka bonde.

"Basi tutaanza na njia hiyo," afisa akasema.

Alirudi mara nyingi, akaniletea fimbo nyeupe. Alinifundisha kuipitisha chini mbele ya mguu, kusikiliza maji ili nijue daraja la magogo liko karibu, na kusimama kwanza nikihisi nimepotea. Nilianguka kwenye michai ya kando ya njia zaidi ya mara moja. Mama alikuwa akiingia ndani ili asione.

Jumapili moja asubuhi nilikwenda peke yangu. Nilishuka, nikavuka, nikapanda, na kabla sijaanza kuchoka nikasikia mama mkwe wa rafiki yangu akinikaribisha. Nilidhani nimekosea boma. Miaka yote niliamini ni safari, kumbe ni mwendo wa kwenda kuomba chumvi.

Aliupeleka mkono wangu kwenye kaburi. Nyasi zilikuwa zimeshaota.

"Alikungoja sana," akaniambia. "Mwishoni akasema labda ulimchoka."

Nilitaka kumwambia ni mteremko, ni utelezi, lakini nilikuwa nimetoka kuupita.

Niliporudi nilimkuta mama ameketi nje.

"Ulifika?"

"Nilifika."

"Umeumia?"

"La, mama."

Kisha akasema, "Ulipougua ile surua nilimwahidi Mungu kwamba hutaumia tena. Sikujua nifanye nini kingine."

"Najua," nikamwambia.

Sijamwambia niliyoyasikia kaburini, na sidhani nitamwambia. Siku hizi naenda dukani na kanisani peke yangu, na watu hunisifu njiani. Nawashukuru. Lakini zipo siku ninashuka ule mteremko nikiwa nimemkasirikia mama, kisha naona haya kwa kumkasirikia mtu aliyenipenda hivyo. Nafika chini hasira haijaisha, na haya pia haijaisha.