Sanduku Lililokataa Maji

Tuliokuwepo ugani siku ile ni hawa, nawataja kwa majina maana wote wameshatangulia, Mungu awarehemu: mama yangu Bi Maryamu binti Hamad, mjane, dada yangu Mize, ndiye aliyekuwa akiozwa, Bi Riziki, jirani yetu na somo wake Mize, wa kumfunda mambo ya unyumba, mwenye ulimi kama upupu, na Mzee Faki, mume wa shangazi yangu, fundi bati wa hapa kwetu Pujini. Mie nilikuwa mdogo, meno ya mbele sina.

Nyie wa zama zetu mnakumbuka, bi harusi hatoki kwao bila sanduku la bati. Kanga doti kwa doti, katikati yake maua ya vilua na asumini, na kifurushi cha udi pembeni. Mama zile nguo alizipata kwa kuchuma karafuu za watu, msimu kwa msimu, mpaka kucha zikawa nyeusi. Chini kanga nyekundu, juu shela jeupe. Hofu yake ilikuwa maji tu. Kanga za siku zile zikilowa zinachuja, na Mize anakwenda kufungua sanduku mbele ya mawifi. Wakiona shela lina madoa mekundu, mtoto wa mjane atasemwa mpaka azeeke.

Mzee Faki alikata madebe ya mafuta, akayanyoosha. Risasi ya kuchomea maungio hana. Alikunja ukingo wa bati moja kama kulabu, na wa pili vivyo hivyo, akazipachika, kisha nyundo ya mti, ta, ta, ta, mabati yakabanana yasiachane tena. Kiungo hicho akikiita pindo. Sisi watoto tuliokota vipande vilivyobaki tukafanya vikaango, tukapika wali wa mchanga. Tukikatika vidole tunapaka majivu, nyumbani hatusemi. Watoto wa leo wanapika ndani ya simu, wala moshi hauwaingii machoni.

"Bila risasi?" Bi Riziki akasema. "Faki, hili si sanduku, hili tenga la samaki."

Mama yakamwingia. Kwetu ndoo mpya haipokelewi mpaka itiwe maji ionekane kama yavuja. Basi sanduku lilipofika nyumbani, naye akalijaza maji. Lo! Yakatoka kila pembe, ua mzima rojorojo. Harusi kesho. Mize akaangua kilio, mama akakaa chini palepale kwenye tope.

Akaitwa Mzee Faki. Alipoona, alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Shemeji, sanduku si ndoo! Ndoo naikunja iweke maji. Hili nimelikunja liyakatae. Wewe ushaona mtu akipima paa kwa kumwaga maji darini?"

Akampitisha mama kidole kwenye mapindo: bati la juu limelipanda la chini, kama makuti, maji ya mvua yateremke tu. Mama akalifuta, akalianika, akapanga nguo. Lakini moyo haukumtua.

Kesho yake tukenda Wingwi, kwao bwana harusi, kwa lori. Njia ya udongo ikalishinda, tukashuka, na mvua nayo ikashuka. Mvua ya matone mazito, ile ya kupiga mtu makofi. Aliyejitwika sanduku ni nani? Bi Riziki! Maji yanamtiririka kutoka pembe zote, naye analaani matope na Faki kwa pamoja.

Tukafika, mawifi wamekaa mkekani wanangoja. Mama alinishika mkono akanibana hata nikataka kulia. Mize akainua kifuniko. Shela jeupe kama tui. Kilua kinanukia kama kimechumwa sasa hivi. Kigelegele cha kwanza alikipiga Bi Riziki, nguo zimemganda mwilini.

"Haya, somo," mama akamwambia, "tenga la samaki hilo."

"Nyamaza Maryamu! Mie nimelowa, nguo hazikulowa, wataka nini tena?"

Mama alicheka. Tangu baba afe sikuwa nimeusikia mcheko ule.

Siku hizi bi harusi anakwenda na begi la magurudumu, na mwaka haujesha zipu imeshafumuka. Sisemi ni vibaya, mzigo mwepesi ni rehema. Mjukuu wangu Zuhura, fundi umeme, alikuja juzi kunifungia taa ya jua. Nikamwona anatia waya ndani ya kijibomba cha shaba, anakibana kwa koleo, waya haung'oki. Nikasema alhamdulillahi, mkono wa Mzee Faki haukupotea, umehamia kwa mwanamke.

Mize alipofariki sanduku lilirudi kwangu. Nguo zangu za kuzikiwa zimo humo, na paa langu linavuja, wala sina wasiwasi.

Mwenye kukumbuka zaidi anisahihishe. Huenda kanga zilikuwa za rangi ya zabibu, huenda lori lilinasa kabla ya pale ninapodhania. Ila kwa habari ya pindo msinisahihishe kwa maneno. Njooni na kata ya maji, mlimwagie sanduku wenyewe.