Bwana Mkia na Kona ya Mama Mkwe

Kazini walimwita Bwana Mkia, na jina lilimkaa. Dereva alishika usukani huko mbele. Yeye alitembea kando ya tela, rimoti imening'inia kifuani, akikunja magurudumu ya nyuma ili mzigo mrefu upite kwenye kona.

Safari hii walibeba boriti ya daraja jipya, la zamani likiwa limezolewa na mafuriko. Njia pekee ya kufika mtoni ilipita mbele ya nyumba ya mama mkwe wake. Tena nyumba ilikuwa upande wa nje wa kona, ule ambao mkia wa tela hufagia pale kichwa cha lori kinapokata kwenda upande wa pili.

"Mama, tunakuomba ukae kwa jirani kidogo, mpaka tupite," alimwambia, macho chini. Tangu aoe, mazungumzo yao hayakuvuka salamu.

"Nitakaa kwa jirani," mama mkwe alijibu, "lakini ndani siingii. Nataka kuona."

Lori likaanza kukata kushoto. Huko kushoto kulikuwa na nguzo ya umeme. Akikunja magurudumu ya nyuma kidogo mno, ubavu wa tela ungeigonga nguzo. Akizidisha, mkia ungebomoa baraza la mama mkwe. Bwana Mkia alikodolea macho nguzo, na kwa woga wake akaendelea kukunja, akakunja tena.

"Wewe! Simama hapo hapo!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Bwana Mkia akapayuka kwenye redio, "Simama!" Lori likatulia. Akazunguka mbio upande wa pili, moyo ukimwenda mbio kuliko miguu. Kati ya ncha ya boriti na nguzo ya baraza palibaki nafasi ya shubiri tu.

Jasho likamtoka. Akavuta pumzi, akamwambia dereva, "Rudi nyuma pole pole, usukani uache ulivyo." Mkia ukaondoka barazani jinsi ulivyokuja. Akanyoosha magurudumu ya nyuma kiasi, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifikiria.

"Mama, niangalizie upande huo. Mimi nitabaki na nguzo ya umeme."

"Haya, njoo," mama mkwe akasema, mkono juu. "Njoo... taratibu... usikunje tena, baba... njoo... Umepita!"

Na upande wa nguzo ya umeme nako mzigo ulikuwa umepita. Boriti ikanyooka barabarani kuelekea mtoni, na majirani wakapiga makofi. Bwana Mkia akajikuta amekaa chini ukingoni mwa mtaro, akicheka peke yake.

Simu ikalia. Ni mkewe. "Nyumba ipo?"

"Ipo. Na mama yako yupo, koo limemkauka kwa kunipigia kelele."

Mama mkwe akaja na kikombe cha maji, akakaa naye pale pale mtaroni, bega kwa bega.

"Nimekufokea mbele za watu kama mwanangu wa kumzaa," alisema.

"Umeniokoa, Mama."

"Mmemaliza sasa?"

"Imebaki boriti moja. Kesho asubuhi."

Mama mkwe akafinya macho kuitazama kona. "Basi kesho msianze mpaka nivae miwani."