Herufi Kumi na Mbili za Bernadine

Kwa miaka ishirini na sita Bernadine Przybylowicz aliendesha basi la shule katika kata ya Stull Hollow, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumsikia akibishana siasa. Kura alipiga. Aliwapigia wekundu, mojawapo ya vyama viwili vikubwa vya huko, kama baba yake, kama mumewe Stan, kama nusu ya watu wa Pennsylvania. Nusu nyingine iliwapigia wabuluu, na kila Novemba jimbo zima lilivutana mpaka upande mmoja ushinde kwa kura chache na upande wa pili unune mwaka mzima. Bernadine akitoka kupiga kura alikwenda zake kuwasha basi.

Kilichomchokoza ni daraja.

Daraja la kijito cha Stull lilifungwa mwezi wa Machi, mkaguzi alipokuta nguzo zake zimeliwa na kutu. Tangu siku hiyo basi likawa linazunguka mlima mzima. Watoto waliokuwa wakiamka saa kumi na mbili wakawa wanaamka saa kumi na moja, na wale wa darasa la kwanza walisinzia kwenye viti midomo wazi, makoti bado yamefungwa mpaka kidevuni. Hilo Bernadine alilivumilia. Lakini mwezi wa Mei, Stan, ambaye mapafu yake yaliharibiwa na vumbi la makaa ya mawe, alikosa pumzi jikoni. Gari la wagonjwa, ambalo zamani lilifika kwa robo saa, lilichukua dakika arobaini na tano. Bernadine alikaa sakafuni amemkumbatia, akihesabu kila pumzi na kuiogopa inayofuata. Stan alipona. Mkewe hakurudi kuwa yule wa zamani.

Mkutano uliofuata wa baraza la kata alikwenda na sare yake ya kazi. Madiwani walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa Dale Kreidler, muuza matrekta, ambaye alisoma darasa moja na Bernadine na kunakili hesabu zake.

"Mwenyekiti, nina swali," alisema Bernadine. "Jimbo limetenga pesa za madaraja ya vijijini. Fomu yake ina kurasa nne. Kwa nini hamjaijaza?"

Dale alitabasamu kama mtu anayeongea na mtoto. "Bernie, zile ni pesa za gavana. Unajua ni gavana wa nani. Ukipokea chake leo, kesho anakuja kukupangia nyumba yako. Sisi hapa ni wekundu. Hatuendi kwake na bakuli mkononi."

"Mimi pia ni mwekundu, Dale. Basi langu ni la njano na mume wangu alikuwa amegeuka wa buluu midomoni. Sasa niambie rangi gani inajenga daraja."

Watu walicheka. Dale hakucheka. "Dakika zako tatu zimekwisha."

"Sijamaliza hata mbili."

"Zimekwisha, nimesema. Kama unaona kazi hii ni rahisi, gombea mwenyewe kiti changu Novemba hii."

Huenda alisema tu ili watu waendelee na ajenda. Bernadine alimtazama, akachukua mkoba wake. "Haya," alisema. "Nitagombea."

Rafiki yake Lavonne Tuttle, msusi, alidhani ni mzaha. Lavonne alikuwa mbuluu wa kufa na kuzikana. Kwa miaka thelathini alikuwa amemtia Bernadine rangi ya nywele kwa masharti kwamba uchaguzi hautajwi humo saluni. Siku hiyo sharti lilivunjwa.

"Shoga, umechanganyikiwa? Dale ana wakili. Wewe una Stan."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Wakagawana barabara. Lavonne alikwenda kwenye nyumba zenye mabango ya buluu, Bernadine kwenye zenye mabango mekundu, na wakakusanya saini nyingi kuliko zilizotakiwa ili jina lake liingie kwenye karatasi ya kura. Mwezi wa Agosti wakili wa Dale akaenda mahakamani. Katika makaratasi ya Bernadine kulikosekana ukurasa mmoja wa tamko la mali. Mali yenyewe ilikuwa nyumba na gari la mizigo lililochakaa, lakini sheria ni sheria. Jaji alimwonea huruma waziwazi, kisha akalifuta jina lake.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, Dale alimnyooshea mkono. "Hakuna kinyongo, Bernie."

"Kipo," alisema Bernadine, na hakuupokea mkono ule.

Ilibaki njia moja tu. Kwenye karatasi ya kura huwa kuna mstari mtupu, na mpiga kura anaweza kuandika hapo kwa mkono wake jina la mtu yeyote amtakaye. Shida ilikuwa jina. Przybylowicz lina herufi kumi na mbili, linatamkwa Pshibilovich, na hata mwalimu mkuu wa shule, aliyemwandikia hundi ya mshahara miaka yote hiyo, alikuwa akilikosea.

"Mjomba, na wewe!" alilalamika mzee Orville Wentz, siku kanisa lilipouza pierogi, vile vijisambusa vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, na kabichi ya kukaanga. Alikuwa akimsemesha Stan. "Msichana alizaliwa Miller. Miller! Ungemwachia tu jina lake, leo tungekuwa tumeshashinda."

"Angenikataa," alisema Stan, akivuta pumzi kati ya maneno. "Alilipenda. Alisema linamfanya aonekane ametoka mbali."

Bernadine alikuwa ametandaza karatasi nyeupe kwenye meza zote na kuweka kalamu kando ya kila sahani. Hakuna aliyepewa krimu ya kumwagia pierogi kabla hajaandika jina lile mara tano. Watu waliandika, wakakosea, wakacheka, wakaandika tena. Mzee Wentz alilipata mara ya nne, akasimama na kuionyesha karatasi yake kama mtoto aliyefaulu mtihani. Wekundu na wabuluu walikaa meza moja wakigombana juu ya ile z ya mwisho.

Watoto walijifunza jina lile haraka kuliko wazazi. Asubuhi moja basi zima liliimba herufi zile, moja baada ya nyingine, mpaka langoni mwa shule. Siku hiyohiyo Bernadine aliitwa ofisini.

"Bi Bernadine, siasa hairuhusiwi ndani ya basi," alisema mwalimu mkuu. "Kuna mtu amelalamika."

"Sijawafundisha mimi. Na nimewanyamazisha."

"Basi ondoa hata kile kibao chenye jina lako pale mbele."

Kile kibao kilikuwa pale tangu mwaka wake wa kwanza. "Hicho hapana," alisema. "Hilo ni jina langu. Siwezi kuliacha nyumbani nikija kazini. Ukitaka liondoke, niondoe nalo." Mwalimu mkuu alitazama dirishani akakumbuka hana dereva mwingine. Kibao kikabaki.

Siku ya uchaguzi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Hesabu ilipotoka, Dale alikuwa na kura mia tatu tisini na nane. Kura za kuandikwa kwa mkono zilikuwa mia nne thelathini na moja, lakini jina lilikuwa limeandikwa kwa namna hamsini na saba. Ikabidi tume ya kaunti ikae kuamua zipi ni zake.

Wakili wa Dale alizisoma moja moja, kwa sauti ya dharau. "Bernadine Prizbilovik. Bernie Pishi. B. Pzyblowz. Na hii hapa, waheshimiwa: 'Bernie wa Basi.' Tutajuaje walimkusudia nani?"

Mwenyekiti wa tume akamgeukia Bernadine. "Mama, una la kusema?"

Bernadine alisimama. "Nina swali tu kwa bwana wakili. Kwenye kata yetu yuko Bernie mwingine anayeendesha basi? Kama yuko, namwomba anisaidie zamu ya saa kumi na moja. Kama hayuko, basi mnajua, na yeye anajua, na Dale pale anajua zaidi kuliko wote. Watu hawa wameloa mvua kuja kuniandika. Wengine hawakuwa wameshika kalamu tangu waache shule. Msiwacheke mbele yangu."

Tume ilikataa kura ishirini na nne ambazo hata Lavonne alikiri hazisomeki. Zilizobaki zilikuwa mia nne na saba. Bernadine alishinda kwa kura tisa.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Mtu alimwandikia "msaliti" kwenye sanduku la barua kwa rangi nyekundu. Binamu yake Darlene aliacha kukaa naye kanisani. Fomu ilipitishwa Januari kwa kura mbili kwa moja, lakini dirisha la maombi la mwaka ule lilikuwa limeshafungwa, wakasubiri jingine. Daraja lilifunguliwa baada ya vuli mbili. Stan aliliona, akavuka kwa miguu na mtungi wake wa oksijeni, akapumzika katikati, akavuka tena kurudi.

Mwaka uliofuata wageni wawili walitoka Harrisburg, makao makuu ya jimbo, viatu safi, wakamkuta saluni kwa Lavonne, kichwa kimejaa rangi. Walikuwa wabuluu. Walimtaka ahamie kwao, agombee ubunge wa jimbo.

"Mnajua nitampigia nani kura ya ugavana?" aliwauliza.

Hawakujua. Akawaambia: yule mwekundu. Lavonne alitupa kitana kwenye sinki.

"Bernadine! Baada ya yote haya?"

"Baada ya yote haya," alisema Bernadine. "Na akishinda akatunyima pesa za barabara, nitakwenda kusimama mlangoni kwake pia, na atajifunza kuandika jina langu. Sasa nioshe hii rangi, inaniunguza."