Ukelele wa Rozi Ali Mlimani Brakmar

Shemeji yangu Rozi Ali ana koo la ajabu. Alikuwa akimgombeza punda wake kwenye matuta ya juu, na sisi tuliokuwa mtoni tunasikia kila tusi. Akizozana na mkewe juu ya chumvi ya chai, kijiji chote cha Hurbong kinajua kuwa chumvi imezidi. Watu walikuwa wakicheka tu. "Rozi Ali kaamka," wanasema, kisha wanashika majembe yao.

Siku hizi hasemi. Salamu anaitikia kwa kichwa, na punda anamwongoza kwa kumvuta sikio. Wanaonichemsha damu ni wale waliomnyamazisha, na wa kwanza wao nalala naye chumba kimoja. Ni mume wangu Hasan, mdogo wake wa tumbo moja.

Mlima wetu, Brakmar, umo ndani ya hifadhi ya taifa na wageni huja kuupiga picha. Sisi tunaishi miguuni pake na tunaujua ulivyo mchoyo. Mawingu ya mvua yanaishia upande wa pili. Huku bondeni ni vumbi mpaka kwenye kope. Theluji inaanguka juu kabisa, na inapoyeyuka ndipo ngano na miaprikoti yetu inapopata kunywa. Sasa barafu ya upande wa jua imekwisha na mfereji wa juu umekauka. Matuta yanayokufa ni ya kwetu na ya Rozi Ali, tena si ya Haji Mirza, mkuu wa kijiji, ambaye shamba lake liko kando ya mto.

Basi kijiji kikaamua kupanda barafu, kama walivyofanya babu zetu. Unachukua barafu dume, ile nyeusi yenye mawe, na barafu jike, ile nyeupe, unazizika pamoja kwenye ufa upande wa kivuli, juu yake mkaa na makapi ya ngano, zioane, zizae. Masharti ni mawili. Mzigo hautuliwi chini, na mtu yeyote kwenye msafara hafungui mdomo mpaka barafu izikwe.

Rozi Ali alipojitokeza kubeba, uwanja mzima uliangua kicheko.

"Wewe?" alisema Haji Mirza. "Si utaitukana barafu njiani!"

"Haji, mdomo nitaufunga kwa kitambaa."

Akaufunga kweli, fundo nyuma ya shingo, akaingiza mikono kwenye kamba za kapu.

Juu huko kuna Korongo la Mawe. Usiku baridi inayashika mawe yote. Jua likigusa tu, yanaachia. Hata watoto wa kuchunga mbuzi wanajua kwamba pale unapita kabla jua halijafika. Lakini asubuhi hiyo Haji Mirza alikuwa na wageni wake kutoka mjini. Hotuba. Picha. Pangeni mstari tena, wewe mrefu rudi nyuma, kapu lionekane! Rozi Ali, barafu ikimchuruzika mgongoni, alikuwa akilionyesha jua kwa kidevu. Akaonyesha tena na tena. Nani alimjali? Haji alikuwa anarekebisha kilemba chake.

Tukaingia korongoni jua limeshatangulia. Hasan alikuwa mbele, Rozi Ali nyuma yake, sisi wanawake nyuma na magunia ya makapi. Jiwe kubwa kama jiko liling'oka juu. Walioliona ni wengi, na wote walibana midomo. Rozi Ali akakivuta kitambaa.

"Hasan! Ukutani! Jibanze, mbwa wee!"

Mlima wote uliitika. Hasan akajibanza. Nilipotokeza kwenye kona nikaliona jiwe likipita na kofia yake.

Barafu ikazikwa hivyo hivyo. Kushika kwake huchukua miaka mingi, wazee wenyewe ndivyo walivyotuambia. Lakini viangazi viwili havijapita, watu wakaanza: maji hayaji kwa sababu ya mdomo wa Rozi Ali. Barazani wakawa wanajitenga naye. Jua hawakulitaja. Hotuba hawakuzitaja. Nasema potelea mbali na hotuba zao!

Mwaka huu wakaitisha mkutano wapande barafu nyingine. Rozi Ali alikaa mwisho, mgongo ukutani, kitambaa kile kile shingoni.

"Safari hii," alisema Haji Mirza, "tunataka wanaume wanaoweza kutawala ndimi zao."

Nilikuwa namimina chai. Nikaliweka birika chini kwa kishindo.

"Hebu niambieni, nyinyi watawala ndimi! Jiwe linamshukia ndugu yako. Nani kati yenu angenyamaza? Nyosheni mikono niwaone!"

Wanaume wakachunguza mikeka. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, bado ni watu.

Kisha mkono mmoja ukainuka. Wa Hasan.

"Ningenyamaza," alisema. "Kwa ajili ya maji."

"Jiwe linamshukia Rozi Ali, na wewe unatazama?"

"Ningenyamaza, mama Nargis. Kaa chini, unaniaibisha."

Mtu anapumua kwa sababu ya ukelele ule, halafu ananyosha mkono!

Rozi Ali aliinuka. Akafungua kitambaa shingoni, akakitupa mapajani mwa mdogo wake.

"Chukua," alisema. "Utakihitaji."

Alisema hayo kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akavaa viatu, akaenda zake.

Haji Mirza akamtangaza Hasan kuwa mbebaji wa kwanza, na watu wakampongeza. Mimi sikumpikia hata mkate wa njiani.

Siku ya kupanda, wageni wa mjini walikuja tena, na picha zikapigwa tena. Nilifuata nyuma na gunia langu la makapi. Tulipofika Korongo la Mawe, Hasan alikuwa mbele, kitambaa cha kaka yake mdomoni. Nilitembea nikitazama juu, mdomo wangu wazi, tayari kupiga ukelele. Jua lilikuwa limeshafika.