Mashine ya Mahindi Katikati ya Mji

LIKASI, 1996. Saa kumi na mbili asubuhi, Rosalie Mbuyi anasukuma mlango wa chuma wa lililokuwa duka la vitambaa, barabara kuu ya mji. Ilipokuwa meza ya kukatia, sasa inanguruma mashine ya kusaga mahindi. Wanawake wenye mabeseni wamejaa barazani.

"Mama Rosa, courant iko?" anauliza mmoja.

"Iko, mama, umeme haujakatika. Ingia."

Rosalie aliuza vitambaa humu hadi uporaji wa maduka ya mji mwaka 1991 ulipoacha rafu tupu. Tajiri wake aliondoka nchini, akamwachia funguo. Mitaa ya jirani nayo ikageuka: sinema ikawa kanisa, ofisi ya wakala wa safari ikawa ghala la makaa, na bustani ya hoteli ikaota mboga za lengalenga.

Mumewe Barthélemy, fundi wa kiwanda cha shaba huko Shituru, alikuwa akikaa miezi bila mshahara. Ndiye aliyeifufua mashine mbovu iliyotupwa.

"Alinambia, bantu hawanunui tena vitambaa vya pagne, lakini bukari, ugali wetu huu, banakula kila siku," anasema Rosalie akicheka, nyusi zake nyeupe kwa unga.

Mwaka jana nusura apoteze kila kitu. Lambert, msimamizi wa jengo, alikuja na mchungaji aliyetaka ukumbi huo kwa ibada. Rosalie alipewa wiki moja ahame.

"Nililia kama mutoto. Miye nitaenda wapi na hii chuma?"

Wateja hawakungoja aende popote. Walikaa chini mlangoni na mabeseni yao, Lambert akashindwa kupita. Mama Philomène, muumini wa mchungaji yuleyule, ndiye aliyesimama kusema.

"Pasta, ukifunga hii mashine, bantu yako batakuja kuomba na njaa!"

Mchungaji akaangua kicheko. Akaomba apewe ghorofa ya juu, na Lambert, aliyechoka na jua, akakubali. Siku hizi nyimbo zinapoanza juu, Rosalie huzima mashine, akapangusa mikono na kuitikia kutoka chini.

Hana haraka ya kuhama. Studio ya picha ya jirani imefungwa, na Lambert amekwisha kumkubalia aitumie. Barthélemy ameanza kujenga tanuri humo kwa matofali ya kuokota.

"Mkate," anasema Rosalie, akigonga ukuta unaotenganisha vyumba viwili. "Hapa tutatoboa mlango."