Tangi Juu ya Paa Jepesi

Siku niliyorukaruka juu ya paa nikijigamba mbele ya akina mama wa Dongobesh, naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa fundi kijana. Biashara ilikuwa imeachwa huria, mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, na madukani vilishushwa vifaa ambavyo hatukuwahi kuviona. Kikundi cha akina mama wafugaji kilinipa kazi ya kujenga chumba cha kupokelea maziwa, nami kwa paa nikachagua paneli: mabati mawili membamba, katikati sponji ngumu, vyote vimeshikwa kwa gundi. Watu wawili mnabeba moja huku mnapiga soga.

Mama Paskalina, mwenyekiti wao, alipenda rangi nyekundu iliyokolea, nikapaka. Kisha nikapandisha tangi la maji katikati ya paa, bila boriti chini yake. Asubuhi ile ya baridi niliruka mara tatu, paa likatulia. Wakapiga vigelegele. Nilijiona mkubwa, sikufichi.

Saa nane mchana, jua likiwa kali, akapita Mzee Safari, aliyenifundisha ufundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akapanda ngazi, akagonga bati kwa kidole. Pembeni lilitoa sauti nzito. Karibu na tangi lililia kama debe tupu, tena bati lilikuwa limevimba.

"Watoe watu."

"Mzee, asubuhi nimeruka hapo mwenyewe."

"Asubuhi kulikuwa na baridi. Watoe!"

Nikasita, mwanangu. Ndani kulikuwa na akina mama kama kumi, wengine na watoto mgongoni, na mimi nilikuwa nafikiria aibu yangu. Halafu bati likalia, ta! Hapo ndipo nilipopiga kelele. Walitoka mbio. Mama Paskalina alirudi kuchukua ndoo yake. Nikamvuta mkono, maziwa yakamwagika. Mzee alikuwa nje anafungua koki ili maji ya tangi yapungue, lakini hayakufika hata nusu. Paa likajikunja katikati, tangi likaangukia benchi walilokuwa wamekalia.

Tukahesabiana. Wote walikuwepo. Nikakaa kwenye matope nikalia kama mtoto. Mama Paskalina alinitazama, akatazama ndoo tupu, akaanza kucheka. "Ng'ombe wapo, tutakamua mengine," akasema. Sijawahi kusikia kicheko kitamu kama kile.

Mzee Safari hakunifokea. Alikaa karibu yangu. "Bati moja peke yake ni karatasi tu," akasema. "Nguvu yake ni kushikana na sponji. Jua limelichoma la juu likataka kutanuka, mzigo wa tangi nao unalibana, gundi ikalegea. Likishaachia, huna paa."

Tulijenga upya pamoja. Tangi tuliliwekea nguzo zake chini, paa tukalitia boriti na rangi nyeupe isiyovuta joto kama ile nyekundu.

Basi nisikilize. Kazi yako usiipime saa ambayo ni rahisi; ipime katika joto na mzigo itakaoubeba kila siku. Na anayejua akikuambia kuna hatari, toa watu kwanza, ubishi baadaye. Aibu inapona, mwanangu. Mtu akifa harudi.

Mungu akupe jicho la kuona ufa mapema na moyo wa kukubali kukosolewa. Wote watakaokaa chini ya kazi ya mikono yako, wakae kwa amani.